Niliivika Kompyuta Koti

Mlionifuata wiki iliyopita mnajua tuliachana wapi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na miwani yangu ilikuwa kwenye paji la uso badala ya kuwa machoni.

Mliofika leo, karibuni, sogeeni, nafasi ipo. Nitawapa kwa mkato, ingawa binti yangu anasema mkato wangu mimi ni mrefu kuliko mikutano ya watu wengine.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini na sita nimekaa kwenye kigoda. Shule niliachia darasa la tatu, na sababu nilishaitoa, siirudii. Chumba cha ushonaji ni cha wanangu wawili, binti yangu na kaka yake. Binti ndiye anayekiendesha, wafanyakazi wanamwita Bosi. Mimi nina kona yangu dirishani na cherehani yangu ya kukanyaga. Kazi yangu ni mapindo, ndiyo maana wananiita Babu Pindo.

Mwaka huu mkosi umenivaa. Kwanza nilishona suruali kumi na mbili za walinzi, mifuko yote nikaifunga kama bahasha. Kisha nikasahau pasi juu ya joho la kwaya. Hapo kijana wangu, huyo kaka mtu, akaja, akavuta kiti, akanisemesha kwa upole. Na upole wake ndio unaoniudhi.

"Baba, umechoka. Kosa la tatu, cherehani inahamia stoo kwangu, na wewe unahamia sebuleni kwangu. Utakula, utalala, utaangalia televisheni."

Mimi niangalie televisheni! Na mikono hii nimkabidhi nani?

Basi, Alhamisi likaja hilo la tatu.

Bosi alikuwa amepata kazi ya chuo cha wauguzi: mikanda sitini na nne ya mahafali, kila mkanda umedariziwa jina la mhitimu wake. Mashine ya kudarizi haijui kusoma, hata mimi naishinda. Inapewa majina na laptopu ya Bosi, moja baada ya jingine. Akatukusanya wote. "Kikitokea kiboksi kinachosema sasisha, msikiguse mpaka mikanda iishe. Sitaki kompyuta ijibadilishe katikati ya kazi."

Wote tukaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mchana wametoka, nikataka kuangalia picha ya kola fulani humo ndani. Kiboksi kikaja kikakaa juu ya kola. Nikabonyeza kiniondokee.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa shikeni viti.

Kiboksi kiliondoka kweli. Kikaja kiduara kinazunguka, na maandishi: USIZIME KOMPYUTA.

Nikavuta kigoda, nikakaa nayo kama ninauguza mgonjwa. Dakika kumi. Nusu saa. Kiduara kinazunguka tu.

Sasa mtu wa cherehani akiwa na hatia, mikono yake inatafuta kitambaa. Nikaangalia ile kompyuta, maskini, imekaa pembeni ya mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za vitambaa, inayotema vumbi la nyuzi kutwa nzima. Nikasema, walau niifanyie jambo jema. Nikaipima kwa futi. Nikaishonea koti.

Na koti lenyewe lilikuwa koti! Nje khaki nzito, katikati sponji, ndani kitambaa chekundu cha manyoya kilichobaki kwenye mablanketi ya watoto wachanga. Zipu ubavuni. Tumboni nikaibana barabara, pasiwe hata na upenyo wa mchwa. Imebaki skrini na vitufe tu, kama mtoto aliyevikwa kwa ajili ya baridi.

Bosi aliporudi kiduara kilikuwa kimemaliza safari yake. Akaliona koti, akanikumbatia.

"Baba! Hata kompyuta unaijali hivi?"

Ndugu zangu, pale ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini mtu akikukumbatia kwa jambo moja, unamwambiaje lile la pili? Nikameza mate. Nikasema, "Si kitu, mwanangu."

Ijumaa kompyuta ikaanza kuzimika.

Inawaka vizuri, inacheka, inakuonyesha picha ya maua. Dakika tatu, pwaa! Giza. Unaiwasha tena, dakika mbili, pwaa! Mara saba kabla ya chakula cha mchana. Na ile programu ya kudarizi inahitaji muda kulifungua kila jina na kuligeuza liwe mishono. Ijumaa nzima tulipata majina mawili.

"Kuna mtu amesasisha," Bosi akasema. Alikuwa ameona kwenye skrini: imesasishwa Alhamisi. Akatuangalia mmoja mmoja. "Nani?"

Kila mtu akashika kazi yake.

Mwenzangu wa miaka mingi, Mama Vifungo, yeye anashona vifungo na matundu yake, akasema, "Mimi hata kuiwasha sijui. Naiogopa kama chui."

Macho yakaja kwangu. Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Jumamosi asubuhi Bosi alifika macho mekundu. Mikanda inatakiwa Jumatatu saa mbili. Tuna majina mawili. Bado sitini na mawili.

"Nimemwita Profesa," akasema.

Profesa ni mtu mzima mwenye kitambi na begi lenye mifuko mingi kuliko suruali za walinzi. Hajafundisha chuo chochote. Ameitwa hivyo kwa jinsi anavyojibu. Lakini kabla hajafika, Mama Vifungo alipita na kikombe chake cha chai, akakosa pa kukiweka, akaegesha mkono juu ya kompyuta.

"Uwi!" Akarusha mkono. "Hiki kitu kina homa!"

"Homa gani?"

"Njoo ushike wewe, Babu Pindo, wewe si ndiye daktari wake? Pasi hii! Ukinyunyiza maji unanyosha shati."

Nikashika. Ni kweli. Chini ya koti langu mlikuwa na joto la kuanikia.

Mama Vifungo akanitazama, akalitazama koti, akaanza kucheka mpaka akakalia marobota ya vitambaa. "Umemfunika blanketi mgonjwa wa homa! Jamani! Na sweta ndani! Hukumfunga na kilemba?"

"Funga mdomo wako."

"Nifunge kwa nini, wakati wewe umefunga kompyuta nzima?"

Bosi hakucheka. Akafungua zipu taratibu, akaivua kompyuta koti, akaliweka pembeni bila kunitazama. Lile kutonitazama liliniuma kuliko kicheko.

Akaiwasha. Dakika tatu zikapita. Dakika tano. Sita! Jina la tatu likafunguka, mashine ya kudarizi ikaanza kulia, ta-ta-ta-ta, uzi wa dhahabu unatembea. Mama Vifungo akapiga kigelegele. Mimi nikashusha pumzi niliyoibeba tangu Alhamisi.

Dakika ya nane. Pwaa.

"Basi si koti," Bosi akasema. "Ni lile sasisho."

Unaona mambo hayo? Koti lilipokamatwa nilitaka ardhi inimeze. Koti lilipoachiliwa, nikatamani likamatwe tena. Maana kama si koti, basi ni kitufe. Na kitufe ni mimi, na mimi bado sijasema.

Profesa akaingia.

Hakusalimia vizuri, alisalimia kompyuta kwanza. Akaiwasha kwa ile njia yao ya tahadhari, ikazimika. Akajaribu kuirudisha ilivyokuwa kabla ya Alhamisi. Ikafika nusu, ikazimika. Akajaribu tena, ikafika robo. Akatikisa kichwa kama anayetoka kuzika.

"Bosi, sasisho limegombana na mfumo. Hapa dawa ni moja. Tunafuta kila kitu, tunaweka upya."

"Na majina yangu?"

"Majina nitayatoa. Tatizo ni ile programu ya kudarizi. Hiyo ikifutika, uiombe upya kwa wenyewe. Wanajibu barua pepe kwa wiki mbili hivi."

"Mahafali ni Jumatatu, Profesa."

"Ndiyo nasema, pole."

Bosi akakaa juu ya kiti cha wateja. Sijawahi kumwona akikaa kwenye kile kiti. Akaziba uso kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ina alama za sindano kama yangu, maana nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka tisa.

Profesa akatoa kiflashi chake kwenye begi. "Niendelee?"

"Endelea," binti yangu akasema.

Nikasimama.

"Usiendelee."

Wote wakageuka. Hata mimi nilishangaa nani amesema.

"Mzee," Profesa akaniambia, "hizi si cherehani."

"Najua si cherehani. Ungekuwa unatengeneza cherehani ningekuwa nimeshakufukuza. Kitu kimechemka mpaka kinaunguza watu, na wewe kutwa unakiuliza maswali kwenye skrini. Umemgusa mgonjwa tumbo?"

"Joto ni la kawaida."

"La kawaida kwa nani? Kwa chapa ya ng'ombe?"

Mama Vifungo akakohoa ndani ya kanga yake.

Ngoja niwaambie jambo. Mimi skrini siielewi. Lakini mashine naisikiliza. Cherehani ikikwama siiangalii kwanza, naweka sikio. Uzi umejikunja, nasikia. Mafuta yamekauka, nasikia. Basi nikaiwasha ile kompyuta mwenyewe, kitufe ninakijua sasa, kimeniponza vya kutosha, nikainama, nikaweka sikio ubavuni.

"Anaiombea?" Profesa akauliza.

"Nyamaza!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bosi.

Nikasikia kitu kidogo sana. Zzt. Zzt. Kinajaribu kuanza, kinashindwa. Kama mtu anayetaka kupiga chafya na haiji.

"Humu ndani mna kitu kinachozunguka?" nikauliza.

"Mna feni," Profesa akasema. "Kila laptopu ina feni. Inatoa joto."

"Hii haizunguki."

"Inazunguka."

Nikachana kipande cha karatasi nyepesi, ile tunayochorea patani, chembamba kama kucha, nikakishika mbele ya matundu ya hewa. Kikaning'inia. Hakikucheza. Nikakihamishia kwenye kompyuta ya Profesa mwenyewe iliyokuwa mezani, karatasi ikapepea kama bendera.

Mama Vifungo akasema, "Ehee."

"Ifungue," nikamwambia Profesa.

"Mimi ni wa programu, mzee. Sifungui vyuma. Ukiifungua wewe, ikiharibika, mimi sipo."

"Huwezi kutokuwepo zaidi ya ulivyo sasa. Nipe bisibisi."

Bosi alisimama. Simu yake ikaanza kuita hapo hapo. Alikuwa ameshika fremu ya kudarizia mkononi na mkanda wenye jina nusu, kwa hiyo aliipokea kwa spika, kwa kidole kidogo, ikiwa mezani.

"Kaka, subiri kidogo, nakuja," akasema, akaiacha simu pale pale. Akanisogelea. Akaninong'oneza ili Profesa asisikie.

"Baba. Ukikosea hapa, sitaweza kukutetea tena kwake. Unajua?"

"Najua."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini huyu bwana na kiflashi chake ana uhakika wa kukuharibia, na mimi nina mashaka ya kukutengenezea. Chagua."

Akatazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akachukua bisibisi kwenye begi la Profesa bila kuomba, akaniwekea kiganjani.

Haya. Skrubu kumi na moja. Nilizipanga juu ya kitambaa cheusi kwa mpangilio nilivyozitoa, kila moja nikaichorea duara la chaki. Profesa alikuwa amekunja mikono, lakini nilimwona anachungulia. Mfuniko ukatoka kwa mlio wa kitu kinachovunjika, Bosi akafumba macho, lakini hakuna kilichovunjika, ni vishikizo tu vinaachia.

Na pale, kwenye kona, kifeni kidogo kama kifungo cha koti kubwa.

Nikaingiza kibano cha kutolea uzi. Nikavuta polepole. Kikaja kitu. Kikaendelea kuja. Laini, kimejisokota, kirefu kama kiwavi.

Chekundu.

Wasomaji wangu, nikaacha kuvuta. Ule wekundu niliujua. Niliukata kwa mkasi wangu mwenyewe siku ya Alhamisi. Manyoya ya bitana ya lile koti. Niliibana kompyuta matundu yote isipumue, nayo katika kutafuta pumzi ikanyonya manyoya, mpaka feni ikasongwa. Kumvua koti kulikuwa kumechelewa, sufi ilishaingia kooni.

Mambo mawili yalitokea siku moja, kitufe na koti, na wote tulikuwa tunaangalia kitufe.

Nikaufumba ule wekundu kwenye ngumi.

Hakuna aliyeona. Mgongo wangu ulikuwa umewakinga. Bosi bado amefumba macho. Ningeweza kusema ni vumbi. Ningeudondosha chini, katikati ya nyuzi za kila rangi zilizojaa sakafuni, na nani angeutafuta? Kompyuta ingepona, lawama ingebaki kwa sasisho, na sasisho halina mke wala watoto wa kuona aibu.

"Umepata nini, baba?"

Niseme ukweli, nilisubiri kidogo. Muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

Kisha nikasema moyoni: kwani mimi ni nani? Nimefumua mishono yangu mibaya mbele ya wateja miaka arobaini na sita, leo nianze kuificha kwa binti yangu? Nikageuka. Nikakunjua ngumi.

"Koti langu," nikasema. "Nimeikaba mimi."

Bosi akautazama ule wekundu. Akauchukua kwa vidole viwili. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikajua analia, kumbe kicheko kinatafuta njia.

"Baba. Umeikaba kompyuta yangu kwa mapenzi."

"Ndiyo."

"Basi aliyesasisha hana kosa."

Profesa akaingilia, "Kimsingi sasisho liliongeza kazi, na feni ikiwa..."

"Hana kosa kubwa," Bosi akarekebisha. "Yeyote yule, Mungu amsamehe, nimemtukana bure tangu jana."

Sasa nyinyi semeni. Mlango uko wazi kabisa. Msamaha umetolewa, jina halijatajwa. Mtu mwenye akili angepita kimya.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja ladha ya kusema, nikaona haina sumu. Na tena kulikuwa na kitu kinanichemka. Nimechoka kunyatia ndani ya chumba changu mwenyewe kama mwizi wa kuku.

"Yeyote yule ni mimi," nikasema. "Kitufe nilibonyeza mimi. Alhamisi, mchana, bila miwani. Ulikataza, nikaitikia, nikabonyeza. Na ulipouliza nani, nikatafuta sindano ya uongo. Haya, sasa unayo yote. Nipe nafasi nisafishe hii feni."

Mama Vifungo akaacha kushona. Profesa akatafuta pa kuangalia.

Bosi akanisogelea. Kabla hajanijibu, sauti ikatoka mezani. Nyembamba, ya upole.

"Nimesikia, baba."

Ile simu.

Kijana wangu alikuwa humo muda wote, anasubiri kidogo kama alivyoambiwa.

"Nimesikia yote," akasema. "Nina gari la mizigo hapa karibu. Nusu saa nafika. Dada, mtoleeni uzi kwenye cherehani."

Ikakatika.

"Nilisahau," Bosi akasema. "Baba, wallahi nilisahau."

"Leta brashi," nikamwambia. "Nusu saa ni nyingi."

Nikaisafisha ile feni kama ninavyosafisha chini ya sindano, kila pembe, kwa brashi ya nywele laini. Nikapuliza. Nikaisukuma kwa ncha ya kidole, ikazunguka yenyewe bila kusita. Nikarudisha mfuniko, skrubu kumi na moja, kila moja kutoka kwenye duara lake. Hakuna iliyobaki. Profesa alihesabu, nilimwona.

"Washa," nikamwambia binti yangu.

Akawasha. Vuuu, kaupepo. Kikaratasi kikapepea.

Dakika tatu. Dakika nane, tukashika pumzi. Dakika ya kumi na tano. Ta-ta-ta-ta-ta! Jina la nne, la tano, la sita. Mama Vifungo anakata nyuzi kwa meno, anasoma majina kwa sauti kama anawaita kupokea vyeti. Profesa akavua koti lake akashika pasi bila kuombwa, anakunja mikanda iliyokamilika. Akaniambia chini chini, "Mzee, ile ya karatasi nitaiba."

"Iba. Lakini salimia watu kwanza unapoingia."

Sikukaa kusifiwa. Nilirudi kwenye kona yangu, nikachukua rundo la mikanda iliyotoka, nikaanza mapindo. Sikutoa uzi kwenye cherehani. Nilitia mpya.

Honi ikalia nje.

Aliingia na wabebaji wawili, vifua vipana, mmoja ameshika kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kamba ya nini?"

"Tulikubaliana."

"Ulikubaliana wewe. Mimi nilikuwa nakohoa."

"Baba, kosa la tatu." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, upole ule ule. "Na hukukosea tu, ulificha. Dada yako, samahani, binti yako, amelia tangu jana. Ungenyamaza siku moja zaidi kazi ingepotea, na jina lake lingepotea nayo. Mimi sikuchukii. Nakuonea huruma."

"Huruma yako iweke kwenye gari, ndiyo ina nafasi." Mguu wangu haukusimama. "Nimekosea, kweli. Nimeficha, kweli, siku mbili, na zimenila. Lakini kosa nimelifanya mimi, nimelitafuta mimi, nimelitoa mimi kwa kibano, nimelisema mimi mbele ya watu. Wewe la kwako la mwisho ulilisema lini?"

Akafungua mdomo. Sikumngoja.

"Haya, ngoja nikusaidie. Hizo suruali za walinzi, alama za mifuko zilizonipoteza nani alizichora? Chaki ile ilikuwa ya bluu. Mimi natumia nyeupe."

Uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimelijua lile tangu siku ya kwanza, sikuwahi kulitoa, hata kwenu nyinyi sikulitoa. Mwanangu ni mwanangu. Lakini leo ilikuwa siku ya kutoa.

Bosi, kule kwenye mashine ya kudarizi, alikuwa amegeuka.

"Kaka?" akasema. "Chaki ya bluu ni yako."

Kijana wangu akasimama. Upole umemtoka, kwanza nilifurahi kumwona bila huo upole, anafanana na mimi. Akawaambia wale wawili, bila kumtazama dada yake:

"Bebeni."

Wakasogea. Mmoja akaweka mkono juu ya kichwa cha cherehani yangu, mkono wenye joto, mzito. Mwingine akapiga goti kutafuta miguu ya chuma. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, gurudumu likawa linazunguka mpaka halionekani.

"Anayetaka kubeba abebe inavyozunguka," nikasema. "Na aanze na mimi, nina kilo hamsini na nane, sina matata."

Wabebaji wakatazamana. Walikuwa watu wa heshima, ilionekana, hawakulelewa kumbeba mzee.

"Bebeni, nimesema!"

Ndipo mashine ya kudarizi ikanyamaza. Haikuzimika. Bosi aliizima kwa mkono wake, katikati ya jina la mtu. Akaja, akapita katikati ya wabebaji, akasimama mbele yangu, mkasi mkubwa wa kukatia mikanda uko mkononi. Akamtazama kaka yake muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, na katika ule uso, mimi niliyemlea, sikuweza kusoma hata herufi moja.

"Baba," akasema. "Inuka."

"Kwa nini?"

"Inuka kwanza."

Nikautazama mkasi. Nikamtazama kijana wangu, jasho linamtoka puani. Nikautazama mkanda uliokuwa chini ya sindano, umebaki shibiri moja.

"Nitainuka," nikamwambia, "pindo likiisha."

Nikakanyaga, na nilikuwa nakwenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda maisha yangu yote.